Mkasi Usiotoka Shingoni

Katika stoo ya mashuka ya hospitali ile alikuwapo mwanamke mmoja aliyeamini kwamba kila mtu ni mwizi, ila wengine bado hawajapata nafasi. Wauguzi walimwita Bi Mkasi. Miaka ishirini na sita alivaa mkasi shingoni kwa kamba nyeupe, na akitembea ulimgonga kifuani, hivyo watu walimsikia kabla hawajamwona. Ukiingia kuomba shuka alikutazama mikono kwanza, kisha mfuko, kisha akakuuliza shuka la jana liko wapi. Daktari bingwa aliwahi kuja mwenyewe kuchukua shuka la chumba cha upasuaji akaambiwa asubiri nyuma ya mstari. Akasubiri.

Tusimwonee lakini. Hospitali bila mtu wa namna hiyo ingebaki na magodoro matupu ndani ya mwezi mmoja. Mashuka yana miguu, na anayeyatunza lazima awe na macho kisogoni. Bi Mkasi alimshuku mlinzi wa geti kwa sababu alivaa koti kwenye joto. Alimshuku mpishi kwa sababu alicheka sana. Alimshuku muuguzi mmoja wa wodi ya wazazi kwa sababu hakuwahi kupungukiwa hata foronya moja, na mtu gani huyo asiyepungukiwa? Nyumbani alihesabu vijiko baada ya wageni kuondoka, hata wakiwa wageni wa msiba.

Mtu mmoja tu hakumshuku, naye ni mdogo wake. Mama yao alipofariki, mdogo alikuwa na miaka tisa. Bi Mkasi ndiye aliyemlea, aliyemfundisha kupinda shuka kwa mkono kabla hajagusa cherehani, na baadaye aliyemwombea kazi ya ufundi cherehani hapo hapo hospitalini. Hata baada ya kuolewa na kupata watoto wake, mdogo alimwita dada kwa sauti ile ile ya kuomba abebwe.

Sasa, kila shuka la hospitali lilipigwa muhuri wa wino usiotoka, mmoja upande wa kichwani na mwingine upande wa miguuni. Shuka likichakaa hadi halishoneki, lilifutwa: vile vipande vyenye mihuri vilikatwa na kuhifadhiwa stoo ili viwe ushahidi kwamba shuka limekufa kihalali, na kilichobaki kikageuzwa matambara ya kupigia deki. Sheria ilisema mtunza stoo ashuke mwenyewe hadi chumba cha kufulia, alione shuka lilivyochanika, alikate kwa mkono wake, kisha atie sahihi chini ya neno "Nimeshuhudia". Chumba cha kufulia kilikuwa chini kabisa ya jengo, ngazi thelathini na nne. Magoti ya Bi Mkasi yalizifahamu zote moja moja.

Ndipo ilipoanzia. Miaka miwili nyuma, Jumatano moja ya mvua, magoti yaligoma. Mdogo wake akamwambia, "Dada, leta mkasi nikusaidie, wewe kaa." Akaleta vipande kwenye beseni, Bi Mkasi akatia sahihi. Jumatano iliyofuata hakuombwa tena, aliuvua tu mkasi na kuunyoosha. Kila Jumatano kwa saa moja hivi alikaa nyuma ya meza bila mkasi, na kila mara alifunga mlango ili mtu asimwone na shingo tupu. Mtu anayefunga mlango anajua anachokifanya, hilo nalisema wazi mapema, kwa maana yeye mwenyewe alichelewa mno kulisema.

Mambo yalilipuka Jumatatu. Muuguzi mmoja alikwenda kumsalimia binamu yake aliyefikia kwenye nyumba ya wageni karibu na stendi. Alipoketi kitandani akaliona shuka lina mstari wa kijani ubavuni, mstari uliofumwa kwenye mashuka ya hospitali peke yake. Muhuri haukuwepo. Kesho yake asubuhi mkuu wa walinzi, mzee mmoja mkimya ambaye watu walimwita Mzee Faili kwa kuwa hakuonekana bila faili kwapani, akaenda na kurudi na mashuka kumi na nane. Yote mazima, yote yamekatwa ncha zote mbili na kupindwa upya. Mwenye nyumba ya wageni alisema yaliletwa na mwanamume wa hospitali, mwenye mikono iliyobabuka.

Mikono iliyobabuka ilikuwa ya mtu mmoja tu. Dobi mkuu, aliyeitwa Povu, alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye kuongea zaidi na mashine zake za kufulia kuliko na watu. Alipoulizwa hakubisha. Ni kweli alipeleka mafurushi, mara nne au tano. Alipewa na fundi cherehani, yakiwa yamefungwa, akaambiwa ni matambara ambayo mwenye nyumba ameyaomba, na kwa kuwa yeye hupita stendi akienda nyumbani, akayabeba. Basi.

Fundi cherehani, yule mdogo wake Bi Mkasi, akaitwa. Akaruka kimanga. "Mimi nimpe Povu mafurushi? Tangu lini? Mimi nashona tu kinacholetwa," alisema, macho makavu, sindano bado kinywani.

Akaitwa Bi Mkasi. Mzee Faili alimuuliza swali fupi tu: je, kuna njia yoyote mashuka mazima yangeweza kufutwa kama mabovu?

"Haiwezekani," alisema Bi Mkasi, akaushika mkasi kifuani. "Huu hautoki shingoni. Kila shuka linalofutwa nimelishuhudia kwa macho yangu. Kama mashuka yanapotea, yanapotelea huko chini kwenye maji, siyo kwangu."

Mzee Faili akaandika. Sentensi hiyo ndiyo iliyomtia Povu ndani. Alipelekwa kituo cha polisi saa sita mchana akiwa bado amevaa mabuti ya mpira, na ikasemwa kwamba Jumatatu ijayo atafikishwa mahakamani. Bi Mkasi alimwona kutoka dirishani akipanda gari, akajiambia alikuwa akimshuku siku zote. Huo ulikuwa uongo, hakuwahi kumshuku. Ukimtoa mdogo wake, katika hospitali nzima Povu ndiye mtu pekee aliyesahau kumshuku.

Siku mbili alitembea kifua mbele. Watu walimpongeza kwa kuwa stoo yake ni safi. Alhamisi Mzee Faili akaingia na shuka mkononi, mojawapo ya yale kumi na nane, akalitandaza mezani.

"Mama, wewe mashuka unayajua kuliko sisi. Nitazamie huu ushonaji. Naweza kujua ni fundi gani wa mtaani?"

Bi Mkasi akavaa miwani. Akalishika upande mmoja, kidole kikatembea juu ya upindo. Ulikuwa mpana, wa vidole vinne. Akaligeuza. Upande wa pili upindo ulikuwa mwembamba, wa kidole kimoja.

Fundi wa mtaani hapotezi nguo kwa upindo wa vidole vinne. Anapinda sawa kote, upesi, amalize. Upindo mpana kichwani na mwembamba miguuni ni adabu ya hospitali, ili muuguzi anayetandika kwa haraka ajue upande kwa kugusa tu, na uso wa mgonjwa usilazwe palipolala miguu ya mwingine. Aliyepinda shuka hili alikuwa anajua linakwenda kwenye nyumba ya wageni ambako hakuna anayejali kichwa wala miguu, lakini mikono yake ilishazoea. Na mikono hiyo alikuwa ameifundisha mwenyewe, sakafuni, kwa kuigonga na rula pale upindo unapopungua.

"Vipi?" aliuliza Mzee Faili.

"Hawa mafundi wako wengi," alisema Bi Mkasi. "Sijui."

Mzee Faili alimtazama kidogo, akakunja shuka, akashukuru, akaondoka. Bi Mkasi alibaki amesimama na miwani machoni, akitazama meza isiyo na kitu.

Ijumaa baada ya chakula cha mchana alikwenda chumba cha cherehani. Mdogo wake alikuwa peke yake, anashona mapazia ya wodi. Bi Mkasi alifunga mlango akaketi juu ya robota la kitambaa.

"Nimeuona upindo wako," alisema.

Cherehani ikaendelea mishono miwili mitatu, ikanyamaza.

"Upindo gani, dada?"

"Usinifanye mtoto. Vidole vinne na kidole kimoja."

Mdogo wake hakulia, na hakukana tena. Alivuta kiti karibu, akaanza kusema kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya mtu anayeeleza kwa nini amechelewa. Kwamba mwanzo hakuchukua mazima. Alichukua yaliyochanika kidogo, ambayo yeye angeweza kuyaokoa, ambayo hospitali ingeyapigia deki. Je, huo ni wizi au ni kuokoa? Kwamba mwenye nyumba ya wageni ndiye aliyemkalia kooni kwamba anataka mazuri zaidi, yule ndiye mwenye tamaa. Kwamba stoo ilijaa mashuka mapya yaliyofungiwa hadi yananuka, wakati wagonjwa wanalalia plastiki, kwa hiyo wakubwa wenyewe ndio waliomtia mtu majaribuni.

"Na Povu?"

"Povu nilimwambia ni matambara. Angeweza kufungua atazame. Mtu mzima unabebaje furushi hujui lina nini? Kajitakia."

"Yuko ndani, mdogo wangu."

"Si mimi niliyemtia ndani." Hapo mdogo wake alimtazama usoni kwa mara ya kwanza. "Walikuwa bado hawajaamua wamwamini nani. Wewe ndiye uliyesema mkasi hautoki shingoni."

Bi Mkasi alifungua kinywa. Maneno yaliyokuwa tayari ulimini yalikuwa haya: nilikuwa naumwa magoti, wewe ndiye uliyeuomba, kila idara inatiliana sahihi, nilidhani. Alikuwa ameyasikia maneno hayo miaka ishirini na sita kutoka kwa kila aliyemkamata na foronya ndani ya nguo, na kila mara aliyacheka. Sasa yalikuwa yake, na yalimkaa vizuri. Akafunga kinywa.

"Umebakiza miezi tisa ustaafu," alisema mdogo wake taratibu, kwa huruma kabisa. "Ukisema, wanatufukuza wote wawili, na mafao yako yanayeyuka. Povu hana mtoto mdogo. Hakimu atamwonya tu. Nakuwazia wewe, dada."

Ndivyo wanavyosema. Mimi nimeishi vya kutosha kusikia wezi wakijieleza, na sijasikia hata mmoja aliyezungumza lugha tofauti na yetu. Wote walikuwa wanasaidia mtu, wote walisukumwa, wote walitaka kuacha wiki iliyofuata. Ukimsikiliza mwizi kwa jicho lililofumbwa, utadhani ni jirani anayeeleza kwa nini hajarudisha ngazi yako. Tofauti ni kwamba kwa huyu kuna mtu anayelala sakafuni kwa niaba yake.

Jumamosi Bi Mkasi hakutoka. Alikaa jikoni akiandika maelezo kichwani, akayafuta, akaandika tena. Ya kwanza yalianza na "Mdogo wangu alinidanganya." Ya pili yalianza na "Kutokana na hali ya afya yangu." Yote yalikuwa kweli, na katika yote alitoka msafi. Kufikia jioni alikuwa ameshajishawishi kwamba akinyamaza atakuwa anamlinda yatima aliyemlea, na akakasirika kwamba hakuna mtu wa kumwonea huruma kwa mzigo huo.

Jumapili mchana mke wa Povu akabisha hodi. Walikuwa wakijuana kwa salamu tu. Alikataa kuketi, akasimama mlangoni amekumbatia viatu vya mumewe ndani ya mfuko, maana alikuwa njiani kuvipeleka kituoni. Mumewe alikuwa bado na mabuti ya mpira miguuni, siku ya sita sasa.

"Sikuja kukusumbua, dada," alisema. "Yeye ndiye kanituma. Amesema niende kwa yule mama wa mashuka, kwamba wewe ni mkali lakini humsingizii mtu. Amesema kama kuna kitu umekiona, utasema."

"Nitatazama," alisema Bi Mkasi.

"Ahsante. Nitamwambia umesema utatazama."

Akaondoka. Bi Mkasi alirudi jikoni na, kwa mazoea tu, akahesabu vijiko. Vilikuwa vyote. Akakaa chini akalia kwa hasira, na zaidi alimkasirikia Povu: nani alimwambia amwamini mtu?

Jumatatu saa moja na nusu asubuhi alikuwa mlangoni pa ofisi ya Mzee Faili kabla hajafungua. Waliingia pamoja. Bi Mkasi aliuvua mkasi, akauweka juu ya meza, akasema, "Upindo ule ni wa mdogo wangu."

Mzee Faili alitoa kalamu. Hakushangaa, au kama alishangaa alikuwa na uso usioonyesha. Akaandika aliyoambiwa kuhusu upindo, mafurushi na nyumba ya wageni. Kisha akauliza mihuri ilikatwaje.

"Kwa mkasi huu. Aliuomba."

"Sikuuliza aliyeomba, mama. Nauliza aliyempa."

Nje mtu alikuwa akiburuta ndoo.

"Mimi," alisema Bi Mkasi. "Kila Jumatano, miaka miwili."

"Na hapa, 'Nimeshuhudia'?"

"Sikushuhudia."

Mzee Faili akaandika hilo nalo, akamsogezea karatasi. Bi Mkasi alitia sahihi. Alijisikia mwepesi, hata akaanza kujipenda kidogo. Saa tatu alikabidhi funguo za stoo kwa matroni, ambaye hakumtazama. Saa nne askari walikuja kumchukua mdogo wake kwenye cherehani. Alipopita kwenye korido alisema kwa sauti, ili wote wasikie, "Muulizeni dada ni nani alikuwa ananipa mkasi." Bi Mkasi alikuwa amesimama pale pale, na wauguzi aliowapekua miaka yote walimtazama mikono.

Mchana gari la hospitali lilimleta Povu getini. Alikuwa amekonda shingo, ndevu zimeota vibaya, na viatu vyake vilikuwa miguuni. Bi Mkasi alikuwa anatoka na mfuko wa vitu vyake. Mzee Faili alikuwa akimsindikiza, kama utaratibu unavyotaka kwa mfanyakazi aliyesimamishwa. Wakakutana watatu hapo, kwenye kivuli cha kibanda cha mlinzi.

"Wameniambia," alisema Povu. "Kwamba ni wewe uliyeutambua ushonaji."

"Ndiyo."

"Uliuona lini, mama?"

Aliuliza bila hila, kama mtu anayetaka kuipanga hadithi vizuri atakapomsimulia mkewe. Bi Mkasi alikuwa amekwisha kupoteza kazi, mdogo wake, na jina. Hapakuwa na kitu tena cha kulinda, ila mtazamo wa mtu mmoja mwenye mikono iliyobabuka. Akahesabu upesi: Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili.

"Leo asubuhi," alisema. "Nimeuona leo asubuhi, nikaja moja kwa moja."

Mzee Faili, aliyemtandazia shuka lile Alhamisi kwa mkono wake na asimuulize mara ya pili, alihamisha faili kutoka kwapa moja hadi jingine. Alimtazama Bi Mkasi, na Bi Mkasi alilifahamu jicho hilo, maana lilikuwa lake miaka ishirini na sita.

Povu akamshika Bi Mkasi mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Ahsante, mama," alisema. "Mwingine angekaa kimya hata siku mbili tatu."

"Ndiyo," alisema Bi Mkasi. "Wapo watu wa hivyo."